Mahari ya Magurudumu Manne

Msomaji, pole kwa wiki nzima ya mateso. Tulimwacha Tonton Bulonza barabarani, kule Kadutu, mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba ya Papa Isidore. Sikio lake lilikuwa limebanwa kwenye ubavu wa gari jeusi la Kimarekani, macho kayafumba kama padri anayesikiliza maungamo. Kisha Tonton Bulonza akainuka, akafuta jasho, akatamka maneno yaliyokunyima usingizi:

"Hii gari iko na mimba."

Cheka, lakini cheka upesi, maana mambo yanatungoja.

Na wewe uliyefika leo ukakuta chungu kinachemka, sogea nikupe kijiko. Cyprien, tajiri wa malori ya njia ya Sange, anataka kumwoa Delphine. Badala ya ng'ombe ameleta gari, kubwa, refu, lenye pua ya askofu. Papa Isidore, baba wa Delphine, karani anayevaa tai hata siku ya kufua, aliliona mara moja tu akapoteza akili.

Sasa ukoo wa Papa Isidore una sheria yake. Mahari hukaguliwa nje, barabarani. Ikishavuka ua na kuingia lupango, basi, imepokelewa, na msichana ni mke wa mtu. Mkaguzi wa ukoo ni Tonton Bulonza, anayejua ng'ombe wote wa Walungu kwa majina, lakini hajawahi kupanda hata baiskeli. Hakuna aliyejua mahari ya chuma hukaguliwaje. Wakamwita yeye yule.

Na Delphine? Delphine amepata nafasi kwa masista, kujifunza ukunga. Masista wanachukua wasichana wasioolewa tu. Gari likifaulu, nafasi yake imekwenda. Ndiyo maana alikuwa amesimama kwenye ua, vidole vimeshika rozari, akimwomba Bikira Maria aliue gari lile palepale.

"Mimba?" Papa Isidore aliuliza. "Mimba namna gani, Bulonza? Voyons!"

"Kuna kintu inapiga mateke mu tumbo. Sikiliza mwenyewe."

Kweli, gari lilipiga mateke. Watu wakarudi nyuma. Mama mmoja akajifanyia ishara ya msalaba.

Cyprien alianza kutokwa na jasho. "Ni moteur inapoa," alisema.

"Moteur iko mbele," Delphine alisema. "Inapiga mateke nyuma."

Papa Isidore alinyoosha mkono kuomba ufunguo, na Cyprien hakuwa na njia. Buti likafunguliwa. Akaruka mbuzi! Dume, mwenye hasira, ndagala wamenasa kwenye ndevu zake, na nyuma yake kiroba kizima cha ndagala, dagaa wa ziwa, kikanuka mpaka misheni.

"Ni mbuzi ya mama mukwe!" Cyprien alipaza sauti haraka. "Nilitaka kufanya sirprize."

"Na ndagala?" Delphine aliuliza.

"Sirprize ya pili."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hiyo ndiyo limuzini, msomaji! Juma zima Cyprien alikuwa akilitumia kama lori la kubebea samaki, na leo kalipaka nta alilete kwa wakwe. Papa Isidore peke yake hakucheka. Alikuwa akijitazama kwenye mlango, jinsi tai yake ilivyong'aa.

"Endelea, Bulonza," alisema. "Sisi si watu ya kuchekelea."

Bulonza akaendelea. Akaenda mbele, akainama, akachungulia zile fito za chuma zinazokinga rejeta.

"Meno yote iko."

"Tonton, ni chuma," Delphine alisema.

"Njo muzuri zaidi. Hii haitazeeka."

Akashika tairi, akalipapasa. Lilikuwa na upara kama kichwa cha hakimu.

"Kwato laini kabisa. Haijatembeaka."

"Tonton, zimeisha! Zimetembea mpaka zimeisha!"

"Delphine!" baba alikaripia. "Mwanamuke hasemake mbele ya mahari."

"Ni mahari yake," Maman Rosalie, mama wa Delphine, alisema kutoka kwenye ua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mume wake alikuwa amejifunza kutoyasikia hata hayo machache.

Wakati huo moshi mweupe ulianza kupanda kutoka puani mwa gari. Bulonza akafurahi.

"Iko na kiu. Mulete maji."

Maji yakaletwa. Gari likanywa ndoo, likaomba nyingine, likamaliza, likaomba nyingine. Wanawake wakapanga mstari kutoka kwenye bomba. Bulonza alitikisa kichwa kwa heshima. Ng'ombe anayekunywa hivyo hufika mbali. Kisha akaona maji yakitiririka chini ya tumbo, yakikata mfereji kwenye vumbi.

"Na inakojoa vizuri!" akatangaza.

Umati ukapiga makofi. Mimi ninayekusimulia sikuwapo, lakini ningekuwapo ningelia. Cyprien alikuwa amekwisha kumpa mzee yule kasiksi tangu asubuhi, kibuyu baada ya kibuyu, na pombe ya ndizi ina heshima zake: ukishainywa ya mtu, unaona uzuri hata mahali ambapo haujafika.

"Muzungu ya kinkina, ile miti ya kinini, yenye aliniuzisha hii gari," Cyprien alisema, "alitoka machozi wakati wa kuachana nayo."

"Alikuwa anacheka," Delphine alisema. "Akicheka sana, machozi inatoka."

Hapo lazima nikueleze jambo kuhusu Papa Isidore, ili usimhurumie bure. Mwaka huo wa hamsini na nane, Bukavu nzima ilikuwa inakaguliwa. Wazungu walikuwa na tume ya kupima kama Mwafrika "amestaarabika", apewe karte ya sifa. Ilipofika kwa Papa Isidore, ilifungua kabati kutazama uma na visu. Ilinusa choo. Ilimuuliza Maman Rosalie kama anakula meza moja na mume wake. Mtu mzima akasimama katika nyumba yake mwenyewe, mikono nyuma, akijibu "Oui, monsieur" kama mtoto wa shule. Aliapa kwamba mila za mababu amezitupa ziwani. Wakampa karte. Badala ya kukasirika, aliitia kwenye fremu.

Na kwa kuwa alikaguliwa akafaulu, alifikiri kila kilichong'aa kimefaulu.

"Inabaki kuiona ikitembea," alisema. "Nitakaa nyuma."

"Kaa mbele, karibu na Cyprien," Maman Rosalie alisema. "Uangalie anafanya nini."

"Mutu ya karte hakaake mbele na shofere."

Tajiri Cyprien akameza neno hilo la shofere kama kidonge cha kinini. Papa Isidore akapanda nyuma, akajinyoosha, akashusha kioo ili aonekane. Bulonza akapanda mbele na fimbo yake, endapo gari litagoma.

Likagoma. Katikati ya mlima lilikohoa, likasimama, na vijana wa Kadutu wakalisukuma mpaka juu huku Papa Isidore akiwapungia mkono. Alipita mbele ya nyumba za makarani wenzake polepole sana, kwa sababu waliosukuma walikuwa wamechoka. Alidhani ni taadhima.

Kule juu wakaligeuza. Gari likatazama chini, likaona Kadutu yote imelala mbele yake, na kwa mara ya kwanza siku ile likapata nguvu.

"Polepole," Papa Isidore alisema.

Likaongeza.

"Polepole, mon cher!"

"Freni!" Cyprien alipiga kelele. "Freni haishike!"

"Ho! Ho!" Bulonza aliliita, kama anavyowaita ng'ombe. "Ho, mama, ho!" Na akalichapa fimbo.

Wenye mihogo sokoni wakatawanyika. Bata wakaruka. Papa Isidore alikuwa bado anapunga mkono, maana mkono ulikuwa umeganda. Kwenye kona gari halikukata kona. Lilipasua ua wa miyenzi, likaingia lupango, likapita juu ya kamba ya nguo na kuchukua shuka mbili na gauni la Maman Rosalie, likaelekea moja kwa moja kwenye migomba ya chini. Hapo kinu cha sombe, cha kutwangia majani ya mihogo, kinu kizee cha mti mgumu, kikabanwa chini ya gurudumu la mbele. Gari likatetemeka, likatulia.

Aliyepata ulimi kwanza alikuwa Cyprien. Alitoa kichwa dirishani, gauni la mama mkwe limemfunika nusu ya uso, akatazama alipo. Akatazama ua uliopasuka. Kisha akaanza kutabasamu.

"Imeingia," alisema. Halafu kwa sauti kubwa: "Batu yote mumeona! Imeingia lupango! Delphine ni bibi yangu!"

Delphine aliutazama ua uliopasuka. Kufumba na kufumbua, masista, mafunzo, vazi jeupe, vyote vimepondwa chini ya tairi lenye upara. Alitaka kulia, akalia. Kuna mambo mtu hana haja ya kuyavumilia kimya.

"Haikuingia!" mama yake alilia pia. "Imeanguka!"

"Kuingia ni kuingia," Bulonza alisema, akishuka kwa taabu. Akachukua kibuyu cha kasiksi na kumwaga kidogo juu ya boneti. Pombe ikafanya chwaa, ikanuka ndizi iliyoungua. "Imepokelewa."

Papa Isidore akashuka wa mwisho. Kofia ilikuwa bapa. Alitazama ua wake uliobomoka, akamtazama binti yake, akalitazama gari lililokuwa sasa ndani ya lupango yake mwenyewe, jirani na jiko lake. Nakwambia, msomaji, uso wake ulipambana. Lakini haukupambana sana.

"Mutoto yangu," alisema. "Desturi ni desturi."

"Papa! Uliambia komisyoni desturi umezitupa mu ziwa!"

"Niliwaambia kwa Kifaransa."

Hata Bulonza aliona haya na kutazama pembeni.

Ilibaki kamba. Katika ukoo ule, mahari ikishaingia, bibi-harusi mwenyewe huifunga kamba ya mgomba kwenye pembe ya ng'ombe, fundo lake mwenyewe, alilofundishwa na mama yake. Hilo fundo ndilo linalosema: huyu ni wa msichana fulani, asiguswe. Kamba ikaletwa. Delphine akasukumwa mbele kama mtu anayepelekwa kwa hakimu.

Gari halina pembe. Alilizunguka akitafuta mahali, machozi yakimdondoka kwenye boneti. Bulonza akamwonyesha bampa. Akapiga magoti, akapitisha mkono chini yake.

Mkono ukagusa kitu. Akavuta. Akainama akatazama vizuri, na machozi yakakatika.

"Maman," aliita. "Kuja uangalie."

Maman Rosalie akapiga magoti kando ya mwanawe. Chini ya bampa kulikuwa na kamba nyingine ya mgomba, imekauka, imeshika matope ya njia ndefu. Na fundo lake lilikuwa fundo la bibi-harusi.

"Hii ng'ombe," Maman Rosalie alisema polepole, akiinuka, "iko na bibi yake."

Sasa hivi umati ungeweza kusikia inzi akimeza mate.

"Bulonza!" Papa Isidore alifoka. "Uliangalia meno, uliangalia kwato, uliangalia mukojo. Kamba hukuiona?"

"Niliiona," Bulonza alisema, macho chini. "Nilizania ni bijoux, mapambo tu."

"Ni kamba ya kufungia kiroba ya ndagala!" Cyprien alisema. "Mama mukwe, usiharibu furaha juu ya kamba ya ndagala!"

"Ndagala haifungwake na fundo yangu, Cyprien."

Sauti ilitoka chini, kwenye migomba. Watu wakageuka. Alisimama mwanamke kijana, sanduku kichwani, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Alipumua kama mtu aliyepanda mlima wote kwa njia ya mkato. Cyprien alipomwona, rangi ya uso wake ikawa ya majivu.

"Clémence," alisema.

"Bado unakumbuka jina. Aksanti."

Clémence akatua sanduku, akasogea mpaka mbele ya Papa Isidore, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Muzee, mimi ni bibi ya huyu bwana. Tuko batu ya Kamanyola, lakini desturi ni moja na yenu. Hii gari alitolea papa yangu. Iliingia kwetu, nilifunga kamba. Kisha akakuja kuiomba, ati anaipeleka Bukavu kubadilisha mafuta. Tulingojea. Nikasikia batu ya malori banasema: Cyprien anaoa tena, na gari ileile."

Ulitaka nikuambie Cyprien alijibu nini? Alikwisha kuruka kwenye ule upenyo wa ua, anapanda mlima kwa miguu yake miwili, kwa mwendo ambao gari lake halijawahi kupanda. Vijana wakataka kumfukuza.

"Mumuache," Clémence alisema. "Sikufwata yeye. Nimefwata gari."

Delphine alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Ameokoka! Mahari ya mtu mwingine si mahari. Alikimbia kumkumbatia yule mwanamke asiyemjua. Lakini Clémence alimshika mabega, akamweka mbali kidogo, akamtazama kwa huruma.

"Dada, usifurahi bado. Papa yangu iko nyuma na kaka zangu, banapanda kwa barabara. Yeye ni mutu ya zamani. Ameapa: lupango yenye atakuta ng'ombe yake ndani, atatoka na ng'ombe, na atatoka na mutoto mwanamuke ya ile lupango. Njo sheria. Munazijua."

Walizijua. Mahari ya mtu ikikutwa imepokelewa kwako, binti yako ndiye fidia. Wazee waliokuwapo walitikisa vichwa. Bulonza alikaa chini juu ya jiwe.

"Anatafuta bibi mudogo," Clémence aliongeza kwa sauti ya chini. "Tangu mama alikufa."

"Na dawa yake?" Maman Rosalie aliuliza. "Iko dawa?"

"Iko. Mwenye lupango aseme mbele ya batu: sikuipokea. Neno moja tu. Akisema, papa yangu hana kesi naye, atachukua gari yake na kurudi. Lakini aseme kabla papa yangu hajafika."

Kila mtu akapumua. Neno moja! Macho yote yakamgeukia Papa Isidore. Delphine alimshika mkono.

"Papa, sema."

"Évidemment," Papa Isidore alisema. Akakohoa. Akarekebisha tai.

"Sema, Papa. Sikuipokea. Basi."

Papa Isidore akafungua mdomo. Mkono wake mwingine ulikuwa kwenye kishikio cha mlango wa gari. Ulikuwapo muda wote, hakuna aliyeona ulifikaje. Kidole kilikipapasa kile chuma cheupe, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Tungojee muzee afike," alisema. "Ni mutu mukubwa. Batu bakubwa banaweza kusikilizana. Pengine yeye aitumie dimanche ya misa, mimi siku za kazi."

"Isidore!" Maman Rosalie alipiga kelele ambayo majirani hawajawahi kuisikia kutoka kwake. "Anakuja kuchukua mutoto!"

"Tutaongea. Tutaongea ndani ya gari, kama batu yenye kuelimika."

Na akafungua mlango, akapanda, akaketi nyuma, akaweka kofia bapa juu ya goti. Kule chini, upande wa pili wa migomba, ambapo barabara ileile inazunguka kilima na kurudi, sauti za wanaume zilianza kusikika. Walikuwa wanaimba. Walikuwa karibu.

Hasira inanipanda hata ninapoandika. Mtu ameuzwa na baba yake mara mbili siku moja, na mara zote mbili kwa bei ya kiti cha nyuma!

Delphine hakulia tena. Alilitazama gari: pua yake imeelekea chini, freni imekufa, halina kinacholishikilia ila kinu kimoja cha sombe. Likiondoka hapa kwa upande wa chini, limetoka lupango. Likishatoka, hakuna wa kusema limepokelewa. Alitembea mpaka ukutani mwa jiko, akachukua mchi, ule mrefu wa kutwangia wa mama yake. Maman Rosalie alimwona. Alisogea, akawavuta watu nyuma, akaacha njia wazi.

"Migomba," Clémence alinong'ona, "itaishika?"

"Sijui," Delphine alisema.

Akasimama kando ya gurudumu la mbele, penye kinu. Akaita, bila kupaza sauti:

"Papa. Shuka."

"Delphine, weka ile kintu chini. Utakwaruza rangi."

"Ukishuka sasa, mimi ni mutoto yako, na nitakusamehe. Ukibaki, muende pamoja."

Papa Isidore alimtazama binti yake kupitia kioo. Midomo yake ilicheza kana kwamba lile neno moja lilikuwa pale, tayari. Nyimbo za wanaume zikakata kona.

Kisha, msomaji, naona aibu kuandika: aliuvuta mlango, akaufunga.

Delphine akauinua mchi.